Mwenye Maneno Aweke Saini

Garland, Texas
11 Machi 2018

Mwanangu Inès,

Salamu zangu zitangulie, uzikaribishe, uzipe na maji ya kunywa. Huku sote tuko wazima. Mgongo wa baba yako umepona tangu walipomtoa kwenye kubeba maboksi wakampandisha forklifti, ile mashine ya kuinua mizigo. Sasa anatembea humu ndani kama mtu aliyekabidhiwa ndege. Ndugu yako Ella anasoma, na ana mchumba aitwaye Armel, ambaye sisi wazazi bado hatujaruhusiwa kujua kwamba tunamjua. Mimi niko kiwanda kilekile cha chakula cha mbwa, na mbwa wote wa jengo letu wananiheshimu kuliko wanavyowaheshimu wenye nyumba.

Utauliza kwa nini shangazi yako anakuandikia kwenye karatasi wakati simu anayo. Mwezi uliopita nilikurekodia ujumbe wa sauti wa dakika nne juu ya mambo yako, na humo ndani nilimtaja mwalimu wa kwaya na ule mdomo wake. Kidole kikateleza. Ujumbe ukaenda kwenye kundi la kwaya, watu sitini na wawili. Mwalimu alijibu kwa kuweka kile kidole gumba, na Jumapili iliyofuata nilihamishwa kutoka sauti ya kwanza, nikapelekwa nyuma karibu na ngoma. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mimi nilijikwaa vyote kwa mpigo. Kwa hiyo tuandikiane. Ufunguo wa sanduku la barua ninao mimi peke yangu.

Sasa jambo lenyewe. Binti wa Franck alinionyesha video nje ya kanisa. Msichana amevaa suruali iliyochanika magotini na miwani ya jua ndani ya nyumba, anajitapa mbele ya watu kwa Kiingereza cha mbio, anajiita Inyambo. Nilimwambia si wewe. Kisha yule msichana akageuka, nikaona kovu nyuma ya sikio, la siku ulipoangukia kuni kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Jeraha hilo niliosha mimi, mama yako akiwa ameshatangulia. Miwani haiwezi kunidanganya.

Hao Wamarekani wanajua maana ya Inyambo? Kwetu Burundi ukimwita msichana ng'ombe wa mfalme wa pembe ndefu, mama yake analia kwa furaha. Hapa ukimwita mwanamke ng'ombe unaitiwa polisi.

Baba yako ameiona. Alishuka kuosha gari ambalo alikuwa ameliosha asubuhi. Unajua heshima aliyonayo. Kuanzia Fort Worth mpaka huko Houston, Mrundi akiozesha binti anamtaka Siméon awe msemaji wa familia. Watu hawaji kwenye mahari kumwona bibi harusi, wanakuja kumsikia Siméon akiwatania wakwe. Binti wa mtu kama huyo anapojitapa hadharani, watu wanamtazama baba.

Nijibu matatu. Umeacha shule ya unesi? Nani anakuandikia hayo maneno? Na unakula?

Aliyekubeba mgongoni,
Shangazi Gaudiose


Houston, Texas
2 Aprili 2018

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nimesimama, kwa heshima. Nisamehe makosa ya Kiswahili changu. Nilikuja Amerika na miaka kumi, na tangu hapo nakisema na wewe tu na Baba, na Baba tangu mwaka jana nilipohama nyumbani haongei na mimi.

Ninakula.

Maneno naandika mwenyewe. Mdundo ananitengenezea Otieno, Mkenya anayeendesha lori siku tano na siku mbili anageuza karakana yake kuwa studio. Kuta zote amezifunika magodoro. Ukipiga chafya humo ndani hujisikii.

Acha nikueleze ilivyoanza. Kuna ukumbi nyuma ya duka la matairi ambapo kila Jumamosi mchana watu wanashindana. Wawili wanasimama uso kwa uso, mdundo unapigwa, kila mmoja ana dakika moja ya kujisifu na kumshusha mwenzake. Mara ya kwanza nilipewa mwanaume mrefu kama mlango, akasema nirudi jikoni. Watu wakacheka. Kichwa changu kikawa kitupu, Shangazi, kabisa. Halafu sijui vipi, nikamsikia Baba. Unakumbuka mahari ya binti wa Franck kule Fort Worth, wakwe walipochelewa saa mbili? Baba alisimama akasema:

Ng'ombe wetu hanywi maji yaliyoguswa na kivuli,
akikohoa, mlima unaomba radhi.
Anayemtaka aje na miguu miwili na sababu tatu,
akija na moja, arudi akafikiri njiani.

Nilisema hivyohivyo kwa Kiswahili, halafu nikaigeuza Kiingereza palepale. Ukumbi ulipasuka! Yule mrefu alinishika mkono. Otieno alikuwa mlangoni, akaniambia, "Aki hiyo imeweza! Rudia hiyo line ya mlima. Nani amekufunza ku-rap hivyo?" Nikamwambia ni baba yangu, anaendesha forklifti.

Ndipo nikagundua kwamba nimelelewa ndani ya hip hop bila kujua. Mahari ni nini? Wazee wawili wanasimama, mmoja anamdharau mwenzake kwa adabu, watu wanapiga kelele, mshindi anapewa fanta.

Kuhusu shule, hapa Houston joto limeanza mapema mwaka huu.

Mwanao,
Inès


Garland
20 Mei 2018

Inès,

Natumaini joto hilo halijakuzuia kulala. Sisi salama. Ella ametuambia rasmi juu ya Armel na tumeshangaa vizuri sana, baba yako aliangusha hata kijiko. Wazazi wa Armel wako Dallas, ni watu wa misa ya asubuhi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya zamu. Binti wa Franck amenitafutia video ya hayo mashindano. Sisemi napenda. Nasema nimeona. Mstari wa tatu uliukimbiza. Pale kwenye "sababu tatu" unatakiwa usimame, uhesabu moyoni moja, mbili, uwaache wajiulize ni zipi, ndipo uwapige na "akija na moja". Wewe ulipita kama basi lisilo na abiria. Na mkono wako wa kushoto unafanya nini? Mkono utulie, mdomo ndio unaofanya kazi.

Haya nimeyasikia kwa baba yako.

Hujajibu swali la shule. Mficha uchi hazai.

Shangazi


Houston
13 Januari 2019

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Ninakula. Nilisimama pale kwenye "sababu tatu" kama ulivyosema, nikahesabu moja, mbili, na watu mia mbili walinyamaza mpaka nikasikia barafu kwenye glasi. Mwambie Baba asante kwa ushauri, hata kama hataki kujua umetoka kwake.

Shule niliacha, nakiri. Ilifungwa wiki mbili kwa yale mafuriko ya 2017. Ilipofunguliwa, mimi sikufunguka. Sasa natandika vitanda hotelini asubuhi, na mchana narekodi.

Mambo yamekwenda mbele. Septemba nilifungua onyesho la wasanii wakubwa, nikaimba dakika kumi na mbili, na waliokuja kwa ajili ya wengine waliuliza jina langu. Redio ya hapa ikanialika. Lakini kuna neno linanifuata kila ninapokwenda. Wanasema msichana hawezi kuandika hivi, lazima kuna mwanaume anamwandikia. Shangazi, kwenye kazi yetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Unaweza kuwa mwongo, mvivu, hata kuimba vibaya, utasamehewa. Kusemewa maneno na mtu mwingine, hapana. Mtangazaji akaniuliza waziwazi, nikaapa hewani: kila neno ni langu.

Na pale ndipo pananiwasha. Kampuni ndogo ya muziki inataka kutoa wimbo wangu, na kiitikio chake ni ile mistari ya Baba, ile minne na mingine minne anayosema akimkabidhi binti, ya "pelekeni na mlango". Nimeambatanisha fomu. Inauliza jina la mtunzi wa kiitikio, na saini yake. Nikiandika jina la Baba, wale wenye maneno watasema, si tuliwaambia, mwanaume huyo hapo. Watasema, na nitakaa nalo. Siwezi kumwibia baba yangu maneno yake, tena baada ya kuapa.

Mkabidhi fomu siku akiwa na furaha, labda baada ya kula. Bila saini wimbo hautoki. Wamenipa mpaka mwisho wa Juni.

Inès


Garland
24 Machi 2019

Mwanangu,

Amani ya Kwaresima. Nimerudishwa sauti ya kwanza, maana aliyewekwa badala yangu aliimba aleluya ya Pasaka ilhali Pasaka bado haijafika. Baba yako amenunua viatu vipya kwa ajili ya mahari ya Ella na anavivaa ndani ili vimzoee.

Fomu ilifika. Ilichelewa kidogo juu ya friji. Kisha ikaingia mchuzi, mdogo tu, pembeni. Kisha nilitaka kwanza niisome yote, na imeandikwa Kiingereza cha mawakili. Hatimaye nilimpa baada ya kula, kama ulivyosema, wali na maharage na samaki sangala.

Aliisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akasema, "Siwezi kuweka jina langu pale." Ni hayo tu. Sikumwuliza zaidi.

Usidhani hasikilizi. Jumapili nilimkuta maegeshoni ndani ya gari, vioo vimefungwa, joto hili la Texas, amejaa jasho, kichwa kinakwenda na mdundo wako. Aliponiona akazima akashika rozari. Nilimwuliza yuko fumbo la ngapi, akasema la sita. Mafumbo ni matano, Inès.

Kwa hiyo si kwamba hakupendi. Zaidi ya hapo usiniulize.

Shangazi


Houston
9 Juni 2019

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nimekasirika na nimejaribu kungoja hasira ipite, haijapita. Kama anausikiliza wimbo, anashindwa nini kuandika herufi sita? Ni kwa sababu ni hip hop? Anaona aibu? Angeniambia mwenyewe. Nimekuwa wa kuletewa habari za baba yangu kwenye bahasha.

Otieno ameniambia, "Si utoe tu jina? Nani atajua? Ni lines nane tu, weka yako tuende." Nilimwambia mimi nimeapa hewani, na kama kiapo kilikuwa cha uongo, wimbo hautakuwa uongo wa pili. Kampuni wamekubali kungoja mpaka mwisho wa mwaka, baada ya hapo wanampa mtu mwingine nafasi yangu.

Nilikuwa nije kwenye mahari ya Ella. Sasa mmeihamisha mara ya tatu kwa sababu ya ukumbi wa parokia, na siku mliyochagua, tarehe tisa Novemba, nina onyesho nililokwisha kulisainia. Sitakuja. Nisingependa pia kukaa safu ya nyuma nikimsikia Baba akisema maneno ambayo hataki yaitwe yake.

Wewe unajua kitu na hutaki kusema. Nimekulia mgongoni kwako, najua ukipumua kwa kuficha.

Inès


Garland
18 Agosti 2019

Mwanangu Inès,

Tuko wazima. Sare za akina mama zimeshonwa, rangi ya zambarau, yangu inabana. Ella anakonda kwa furaha. Baba yako anakonda kwa sababu nyingine.

Barua yako nimeipata. Nimeanza kukujibu mara nne na zote nne nimechana.

Usile vyakula vya kwenye karatasi.

Shangazi


Houston
12 Novemba 2019

Shangazi!

Shikamoo na salamu zote uzihesabu kwamba nimeshasema.

Ella amenitumia video. Sekunde ishirini na mbili! Namwona Baba amesimama kimya, namwona mzee Callixte wa upande wa Armel anacheka, halafu kamera inageuka upande wa akina mama, na aliyesimama kwa zambarau, mkono umetulia kabisa, ni WEWE. Halafu simu ya Ella ikafa chaji. Nyuma kuna sauti kama ya ng'ombe. Nimempigia Ella, analia na kucheka, anasema, "Girl, I can't even. Muulize Shangazi."

Nakuuliza.

Inès


Garland
17 Novemba 2019

Mwanangu,

Leo sisalimii sana, nisije nikajificha ndani ya salamu.

Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa dirishani. Callixte, msemaji wa upande wa Armel, alisimama na fimbo yake, baba yako na yake. Walianza vizuri. Callixte alisema wamepotea njia, wameona moshi, wamekuja kuomba moto. Baba yako akajibu kwamba moto upo, ila kwetu hauchukuliwi kwa kiganja. Watu wakacheka. Akafika kwenye lile swali ambalo kila msemaji huuliza: "Mnasema mna ng'ombe. Yuko wapi, wachungaji wetu wamwone?"

Desturi unaijua. Hapo mwenzake anasema ng'ombe yuko malishoni ng'ambo ya mto, anamsifu, tunapiga makofi, tunakula. Hakuna anayeleta ng'ombe. Tuko mjini, mikataba ya nyumba zetu inakataza hata paka.

Callixte akasema, "Yuko nje."

Tukadhani ni utani. Milango ya nyuma ikafunguliwa, na pale kwenye maegesho, kati ya gari la padri na jalala, kulikuwa na trela, na ndani ya trela ng'ombe mzima wa Texas mwenye pembe kama mikono ya mtu anayekumbatia. Walimkodi kwa mzee Mzungu wa kofia pana kutoka Terrell, ambaye aliambiwa ni shughuli ya kanisa, akadhani ni maigizo ya kuzaliwa Yesu. Ng'ombe akalia. Ukumbi ukalipuka, wengine wamesimama juu ya viti, Callixte anazunguka na fimbo kama mfalme: "Ng'ombe huyo! Msemaji, tupe neno!"

Baba yako alikuwa na neno la ng'ombe asiyekuwepo. La ng'ombe aliyepo hakuwa nalo. Alitazama fimbo. Nilihesabu moja, mbili, nikafika kumi na tano. Wakwe wakaanza kunong'ona. Nilimwona kaka yangu jasho likimtoka, mtu mrefu vile, na akafanya kitu ambacho miaka yote amekatazwa kufanya. Alinitazama.

Inès, nilisimama. Sikuamua, miguu iliamua. Mwanamke hasimami kwenye mahari, unajua, labda kugawa vinywaji. Nilisema:

"Ng'ombe tumemwona, na pembe zake ni nzuri. Lakini naona ana kipande cha plastiki sikioni, kimeandikwa mia nne kumi na saba. Kwetu ng'ombe ana jina. Sisi tuliitwa kwa namba kambini miaka kumi na mitano. Namba ya hema, namba ya kadi ya unga, namba ya faili. Hatukumvusha binti huyu bahari ili akaitwe namba tena. Anayemjua ng'ombe wake kwa namba atamjuaje mke? Mpeni jina, ndipo tuongee habari za mlango."

Kisha mama yake Armel, mkwe mwenyewe, akapiga kigelegele, na akina mama wote wakafuata, zambarau ya kwetu na kijani ya kwao pamoja. Wazee waliokaa kambi moja na sisi walikuwa wanafuta macho.

Callixte sasa ndiye aliyekwama. Alitoka nje kumwuliza yule mzee wa Terrell, maana ng'ombe si wake. Mzee akavua kofia, akasema, "Why, her name's Brenda." Callixte akarudi, akajinyoosha, akatangaza mbele ya koo zote mbili: "Anaitwa Brenda, wa ukoo wa Terrell." Ikabidi tukubali. Ella ameposwa kwa Brenda, na saa kumi Brenda alirudi kwao.

Sasa lile ulilokuwa unalijua mgongoni kwangu.

Mwaka 1998, Mtabila, baba yako alichaguliwa kuwa msemaji kwa sababu ya urefu na sauti. Siku mbili kabla alishikwa na homa ya woga. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nilimwambia, sema hivi, na wakijibu hivi, sema hivi. Akakariri. Watu wakacheka pale pote nilipopanga wacheke. Tangu siku hiyo, Inès, kila mahari, maneno ni yangu. Ng'ombe asiyekunywa kivuli ni wangu. Mlima unaoomba radhi ni wangu, niliutunga nikifua. Kaka ana sauti, ana urefu, ana suti. Mungu aligawa, na mimi alinipa mdomo bila kunipa pa kusimama.

Aliposema hawezi kuweka jina lake pale, hakukukataa wewe. Ni mtu wa sakramenti, hawezi kusaini uongo. Na ukweli hakuwa na ujasiri nao, wala mimi sikuwa nao kwa niaba yake. Nilimlinda kaka yangu, nikakuacha wewe uungue. Hilo nakuomba radhi.

Usidhani nililia miaka yote hiyo. Nilikaa nyuma na akina mama na moyoni nilifurahi. Lakini nilipokuona kwenye video umesimama mbele ya watu na mistari yangu, ukiisema kwa mdomo wako mwenyewe, jina lako limeandikwa nyuma yako kwa taa, nilikuonea wivu. Nasema wazi. Nilikuonea wivu wiki nzima, kisha nikakuandikia kwamba mstari wa tatu uliukimbiza.

Tukirudi nyumbani baba yako alipunguza mwendo wa gari tulipofika barabara ya kwetu. Akasema, "Miaka ishirini na moja nimeiogopa siku hii. Imekuja, na sijafa." Kisha akaomba ile fomu.

Iko ndani ya bahasha hii. Pale penye mtunzi nimeandika mimi, kalamu ya bluu. Baba yako akasema lazima kuwe na shahidi. Nilimwambia fomu haiulizi shahidi, akachora mstari wake mwenyewe chini akasaini. Kama kampuni wataleta shida kwa mstari huo na kwa mchuzi, waambie ni desturi.

Shangazi yako,
Gaudiose


Houston
19 Januari 2020

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo tena kwa zile nilizokurupuka.

Nilisoma barua yako hotelini, nimekaa kwenye kitanda cha mgeni ambacho nilikuwa nimeshakitandika. Ilinibidi nikitandike upya.

Kampuni waliuliza mstari wa shahidi ni wa nini. Niliwaambia ni desturi. Wimbo ulitoka Ijumaa ya kwanza ya mwaka. Redio wakanialika tena, mtangazaji yuleyule, na alikuwa na karatasi ya majina mbele yake. Akasema kwa furaha ya paka, "So somebody DOES write for you. Who's this G? Is that your man?"

Shangazi, Otieno alikuwa nyuma ya kioo anatikisa kichwa, usiseme, usiseme. Nilijua nikisema nimejitia doa ambalo kwenye kazi hii halifutiki. Nikahesabu moja, mbili. Nikasema nilipokuja mara ya kwanza niliapa hapa na sikusema kweli yote. Kiitikio kimeandikwa na shangazi yangu. Anapakia chakula cha mbwa Garland. Ameandikia wanaume miaka ishirini na moja, wakapigiwa makofi wao. Mimi ni mtu wa kwanza kulitaja jina lake.

Mtangazaji akaitazama tena karatasi yake. Halafu akauliza jina linatamkwaje. Nikamfundisha hewani, Ga-u-di-o-se, mara tatu, mpaka akalipata.

Wako wanaosema nimejimaliza. Kuna onyesho moja limefutwa, sitakuficha. Lakini Jumamosi ile nyuma ya duka la matairi wasichana watatu wapya walikuja kujiandikisha, na mmoja alikuja na bibi yake.

Baba amenipigia. Alinieleza kwa dakika arobaini jinsi mkono wangu wa kushoto unavyohangaika. Hatukugusa mambo mengine. Nilikuwa nimeikosa sana sauti yake.

Mwanao,
Inès


Garland
16 Februari 2020

Mwanangu Inès,

Salamu za leo zina haraka, maana nina kazi ya kuandika. Ella na Armel wamefunga pingu za maisha wakapata nyumba Plano, mbali na sisi dakika ishirini, na wanadhani tutapiga simu kabla ya kwenda.

Baba yako anauweka wimbo wako kwa sauti ndani ya gari, vioo chini. Padri amemwomba apunguze akiwa maegeshoni mwa kanisa. Lile onyesho lililofutwa lisikuumize. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na maneno hayo sasa ni nundu yako na yangu.

Nikueleze cha Alhamisi. Walikuja wazee wanne kutoka Fort Worth, na suti zao, wana binti wa kuozesha mwezi wa sita. Walikaa sebuleni wakamwambia Siméon kwamba wamekuja kama kawaida kuomba msemaji. Ella alikuwa ametutembelea, yuko jikoni, yeye ndiye aliyenisimulia. Baba yako aliwamiminia chai, akawaletea sukari, akakaa. Wakangoja ajibu. Akasema:

"Msemaji bado yuko kazini. Anatoka saa tisa."

Wakatazamana. Mmoja akasema labda hawakueleweka, wanamtaka yeye. Baba yako akawaambia wanywe chai, si mbali, anakuja sasa hivi.

Nilipofungua mlango, wazee wote wanne walisimama. Niliwaambia wakae, nikavuta kiti, nikawauliza binti yao anaitwa nani.

Shangazi yako